SOMO LA AFYA: Kiungulia na Dawa Zipunguzazo Asidi ya Tumbo

Wako watu wengi ambao usiku, wakiisha kula na kulala, huamshwa na moto kifuani. Moto huo huanza chini ya mfupa wa kifua, ukapanda polepole mpaka kooni, na kinywani huja maji makali yenye uchungu. Mtu huketi kitandani, akanywa maji, akapiga mbweu, akangoja kupambazuke. Asubuhi huenda dukani akanunua vidonge, na jioni hula kama alivyokula jana.

Ugonjwa huu Waswahili wameuita kiungulia tangu zamani, na kwa wengi si ugonjwa wa kuogopwa. Lakini dawa zake ni nyingi, nazo hazifanyi kazi kwa namna moja. Mtu asiyejua tofauti zake aweza kupoteza fedha bure, au kujidhuru, au, lililo baya zaidi, kufunika kwa vidonge ugonjwa mwingine mkubwa hata wakati wa kuutibu ukapita. Kwa hiyo katika somo hili tutaeleza asidi ya tumbo ni kitu gani, dawa za kuipunguza ni zipi, na zitumiwe jinsi gani.

ASIDI NI NINI, NA KAZI YAKE NI IPI?

Chakula kikiisha kutafunwa hupita katika umio, yaani ile njia nyembamba itokayo kooni mpaka tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake hukaribia sentimeta 25. Kutoka hapo chakula huingia katika mfuko wa chakula. Ukuta wa mfuko huu hutoa majimaji yapatayo lita 2 kila siku, na ndani yake mna asidi kali, ambayo watu wengine huiita tindikali.

Msomaji asidhani kwamba asidi hii ni adui. Mwenyezi Mungu hakuiweka bure. Huua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na chakula na maji. Husaidia kuvunja nyama, mayai na maharagwe ili mwili upate kuvitumia. Tena husaidia mwili kupokea madini ya chuma na vitamini iitwayo B12, ambavyo mtu akivikosa damu yake hupungua. Mfuko wa chakula wenyewe hauunguzwi na asidi hii, kwa sababu umepakwa ndani ute mzito unaoukinga. Lakini umio hauna kinga ya namna hiyo, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

KIUNGULIA HUTOKEAJE?

Mahali umio unapokutana na mfuko wa chakula pana msuli wa mviringo. Fikiri mdomo wa mfuko wa ngozi ukazwao kwa kamba. Chakula kikifika, kamba hulegea kikapita, kisha hukazika tena. Msuli ukilegea wakati usiofaa, au ukiwa dhaifu, majimaji ya tumbo hurudi juu, nayo asidi huuchoma umio. Huo ndio moto tunaousikia kifuani, ingawa moyo wenyewe hauna neno.

Mambo yanayousaidia ugonjwa huu ni mengi. Kula sana usiku na kulala mara moja, unene wa kitambi, tumbaku, pombe, na vyakula vyenye mafuta mengi vyaweza kuuleta. Wanawake wenye mimba huupata sana, kwa kuwa mabadiliko ya mwili huulegeza msuli ule, na mtoto naye husukuma mfuko wa chakula kutoka chini. Kwa wengi wao kiungulia hicho hukoma wakiisha kujifungua.

WATU WALIPATAJE KUYAJUA HAYA?

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya kazi ya tumbo. Wengine walisema chakula husagwa tu kama nafaka katika kinu, na wengine walisema huoza. Mnamo mwaka 1824 zilichapishwa habari za mganga wa London, William Prout, aliyethibitisha kwamba ndani ya tumbo la wanyama mna asidi ile ile iliyojulikana kwa wenye elimu ya kemia kuwa ni asidi ya chumvi.

Wakati huo huo lilitokea jambo la ajabu huko Marekani. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kijana mmoja mwajiriwa wa biashara ya ngozi, jina lake Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Mganga wa jeshi, William Beaumont, alimtibu, wala hakutazamia kwamba angepona. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Beaumont alifunga vipande vya nyama na mboga kwa uzi wa hariri, akaviingiza katika tundu lile, akavitoa baada ya saa kadha kuona vimebadilika jinsi gani. Aliyoyaona aliyachapisha katika kitabu mwaka 1833. Hivyo watu walijua kwa hakika kwamba majimaji ya tumbo huyeyusha chakula. St. Martin aliishi na tundu lake mpaka mwaka 1880.

MAFUNGU MATATU YA DAWA

Ili tufahamu upesi jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, tuchukue mfano wa shamba linalojaa maji ya mfereji. Mwenye shamba anaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, aweza kuyachota maji yaliyokwisha kuingia. Pili, aweza kumzuia tarishi apelekaye amri ya kufungua mfereji. Tatu, aweza kwenda kwenye mlango wa maji mwenyewe akautia kufuli. Dawa za asidi nazo ziko za namna tatu hizi.

Fungu la kwanza: Dawa zinazozima asidi iliyokwisha kutoka. Hizi ndizo za kuchota maji. Ni vidonge vya kutafuna au dawa nyeupe ya majimaji, na ndani yake mna chumvi za magneziamu, aluminiamu au kalisi. Zikikutana na asidi huipoza mara moja, na mgonjwa hupata nafuu kwa dakika chache. Lakini nafuu hiyo haikai. Baada ya muda mfupi, na pengine kabla ya saa mbili, tumbo limekwisha kutoa asidi nyingine. Zenye magneziamu huweza kuharisha, na zenye aluminiamu huweza kufunga choo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huzichanganya zote mbili.

Katika fungu hili mna dawa nyingine zilizotiwa aljineti, kitu kitokacho katika mwani wa bahari. Kitu hiki kikifika tumboni hufanya povu zito linaloelea juu ya chakula kama chelezo, likaizuia asidi isipande. Dawa hizo hunywewa baada ya chakula, wala si kabla, maana chelezo hakielei pasipo maji.

Hapa inafaa kusema neno juu ya magadi. Wako watu wanaokoroga magadi katika maji wakanywa ili kuzima kiungulia. Ni kweli kwamba magadi huipoza asidi. Lakini ni makali mno, hayakupimwa, na magadi yachimbwayo yaweza kuwa na floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Hata ile soda nyeupe ya kuumulia mandazi, ingawa ni laini zaidi, ina chumvi ambayo mgonjwa wa shinikizo la damu, moyo au figo haimfai. Tena hutoa hewa nyingi tumboni. Kwa hiyo usifanye jikoni kuwa duka la dawa.

Fungu la pili: Dawa zinazozuia amri. Ukuta wa mfuko wa chakula hautoi asidi mpaka uambiwe. Mmoja wa matarishi wanaouletea amri hiyo ni kitu kiitwacho histamini. Mskoti mmoja, James Black, pamoja na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walitafuta kwa miaka mingi dawa ya kuziba mahali histamini inapobishia hodi. Ndipo ikapatikana simetidini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo walikuwa wakipasuliwa. Baada ya hapo wengi walipona kwa vidonge. Mwaka 1988 Black alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uganga.

Dawa ya fungu hili itumiwayo sana leo ni famotidini. Huanza kufanya kazi kwa muda wa saa moja hivi, na nguvu zake hukaa saa kumi au zaidi. Kwa hiyo humfaa mtu asumbuliwaye usiku. Lakini ina upungufu mmoja: histamini siyo tarishi wa pekee. Wako wengine wanaoleta amri ile ile kwa njia nyingine, na mwili ukitumia dawa hii kila siku kwa majuma kadha huizoea, nguvu yake ikapungua.

Ndugu mmoja wa fungu hili, ranitidini, alipata kuwa maarufu duniani kote. Lakini mwaka 1019 na miaka elfu moja baadaye si sawa kwa elimu ya kupima: mwaka 2019 wapimaji waliona kwamba ndani ya vidonge hivyo huweza kutokea kitu kinachoshukiwa kuleta kansa, na ya kwamba huongezeka vikikaa mahali penye joto. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ya Marekani ilitaka viondolewe madukani. Mtu akikuta paketi ya zamani ya ranitidini sandukuni asiitumie, bali aipeleke kwa mtaalamu wa dawa.

Fungu la tatu: Dawa zinazofunga pampu. Ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula mna viwanda vidogo sana vya asidi, na katika kila kiwanda mna pampu zinazoisukuma nje. Matarishi wote, hata wakija kwa njia mbalimbali, mwisho amri zao hufika kwenye pampu hizo. Dawa inayoifunga pampu, basi, hulitia kufuli lango lenyewe. Ya kwanza ilikuwa omeprazoli, iliyotengenezwa Uswidi na kuanza kuuzwa huko mwaka 1988. Wadogo zake ni lansoprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli na esomeprazoli. Msomaji akiona jina la dawa linaishia na sauti ya "prazoli", kwa kawaida ajue ni ya ukoo huu, hata kama paketi ina jina jingine la biashara.

Hizi zina nguvu kuliko mafungu mawili ya kwanza, nazo huponya kabisa majeraha ya umio kwa watu wengi. Japani nako mwaka 2014 iliruhusiwa dawa nyingine, vonoprazani, inayoifunga pampu kwa namna tofauti na upesi zaidi. Lakini omeprazoli na ndugu zake ndizo zilizoenea.

NAMNA YA KUITUMIA OMEPRAZOLI

Watu wengi husema, "Nimeimeza na haikunisaidia." Mara nyingi dawa haina kosa, ila imemezwa wakati usiofaa. Kufuli hii hushika tu pampu iliyo kazini. Tumbo likiwa tupu, pampu nyingi zimelala. Chakula kikiingia ndipo zinapoamka. Kwa hiyo kapsuli imezwe kabla ya chakula, kwa nusu saa mpaka saa moja, ili pampu zinapoamka dawa iwe imekwisha kufika katika damu. Mtu aimezaye baada ya kushiba, au wakati wa kulala, huipotezea dawa sehemu kubwa ya nguvu zake.

Tena mtu asitazamie kupona kwa kidonge kimoja. Siku ya kwanza baadhi ya pampu hufungwa, na siku ya pili nyingine. Nguvu kamili huonekana baada ya siku tatu mpaka tano. Kwa sababu hiyo dawa hii haifai kumezwa leo na kuachwa kesho, kama mtu anywavyo dawa ya kuumwa na kichwa.

Kapsuli isifunguliwe ikasagwa, wala isitafunwe. Chembe zilizo ndani yake zimevishwa ganda ili zipite salama tumboni na kuyeyukia katika utumbo. Zikisagwa, asidi ile ile tunayotaka kuizuia huiharibu dawa kabla haijafika kazini.

Kwa kiungulia cha kawaida mganga huweza kumpa mtu mzima miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa majuma manne mpaka manane, kisha akamtazama tena. Neno hili "kisha akamtazama tena" ndilo wengi wanalolisahau.

DAWA ZINAPOGOMBANA

Mtu anayetumia dawa nyingine yampasa amwambie mganga au muuza dawa kabla ya kununua za asidi. Tutataja mifano michache iliyo muhimu kwetu.

Wagonjwa wengi wa virusi vya UKIMWI hutumia dawa iitwayo dolutegraviri. Dawa za fungu la kwanza zenye magneziamu au aluminiamu huishika dolutegraviri tumboni, isiingie katika damu inavyopasa. Kwa hiyo dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya dawa hizo, au saa sita baada yake. Omeprazoli haina ugomvi huo na dolutegraviri. Lakini inagombana na dawa nyingine za UKIMWI, kama rilpivirini na atazanaviri, na zisitumiwe pamoja bila ya amri ya mganga.

Dawa za kuua vijidudu, kama tetrasaiklini na siprofloksasini, nazo hushikwa na dawa za kuzima asidi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma havipokewi vizuri pasipo asidi. Na mgonjwa wa moyo anayetumia klopidogreli asinunue omeprazoli mwenyewe, maana huipunguzia dawa hiyo nguvu. Ziko nyingine katika ukoo huo zinazomfaa zaidi.

KUKAA NAZO MUDA MREFU, NA KUZIACHA

Tulisema kwamba asidi ina kazi zake. Mtu akiizuia kwa miaka, kazi hizo hupungua. Anaweza kupungukiwa na vitamini B12 na madini ya magneziamu, na vijidudu vya kuharisha huweza kupita tumboni kwa urahisi zaidi. Imeonekana pia kwamba miongoni mwa watu wanaotumia dawa hizi kwa muda mrefu, kuvunjika kwa mifupa hutokea zaidi kidogo, na mara chache figo huweza kudhurika. Habari hizi hazimaanishi kwamba dawa ni mbaya. Wako wagonjwa wanaozihitaji miaka yote, kama wale waliokuwa na majeraha makubwa ya umio, na faida wanayoipata hupita madhara. Lakini asiyezihitaji asikae nazo kwa mazoea tu.

Kuna mtego mwingine. Mtu aliyetumia dawa za kufunga pampu kwa miezi kadha akiziacha ghafula, tumbo huweza kutoa asidi nyingi kuliko zamani kwa majuma machache. Kiungulia hurudi kwa nguvu, naye husema, "Kumbe siwezi kuishi bila dawa hii!" akairudia. Kumbe ni tumbo linalotafuta mizani yake. Njia njema kwa wengi ni kupunguza polepole kwa shauri la mganga, na siku za taabu kutumia dawa za fungu la kwanza mpaka tumbo litulie.

HABARI YA JIRANI YANGU

Kazi yangu ni kufasiri, na kwa ajili hiyo majirani huniletea karatasi zilizokunjwa ndani ya paketi za dawa ili niwasomee. Siku moja alikuja mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, mwenye paketi ya omeprazoli. Alitaka kujua kama anaweza kumeza mbili kwa siku badala ya moja.

Nikamwuliza, "Mzee, umeanza lini kuitumia?"

Akanijibu, "Yapata mwaka na nusu, mwanangu. Hununua mwenyewe. Kiungulia kimetulia, lakini sasa ugali hunikwama hapa," akaonyesha kifuani. "Siku hizi nakunywa uji tu."

Nguo zake zilikuwa zimempwaya, lakini nilidhani ni uzee. Nikaisoma karatasi. Katika mistari ya chini, ambayo watu hawafiki, iliandikwa kwamba mtu anayepata shida ya kumeza au anayekonda bila sababu amwone daktari kwanza kabla ya kutumia dawa ile. Nilipomfasiria maneno hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi karatasi hii ilikuwa mfukoni mwangu siku zote."

Juma lile lile wanawe walimpeleka hospitali. Waganga walipitisha mpira mwembamba wenye taa kooni mwake, wakaona uvimbe wa kansa umekwisha kuziba njia ya chakula. Hakukuwa na njia ya kuuondoa tena. Walimwekea kijibomba cha kuipanua njia ile, naye akapata kula ugali laini pamoja na wajukuu wake kwa miezi michache kabla ya kufariki. Vidonge havikumletea kansa hiyo. Kosa lao lilikuwa kwamba vilimtuliza, naye aliyetulizwa hatafuti mganga.

Nimeieleza habari hii kwa idhini ya watoto wake, kwa sababu kansa ya umio si ngeni kwetu. Huonekana sana katika nchi za Afrika ya Mashariki, na katika Kenya hujulikana hasa upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, kama vile Bomet. Tumbaku na pombe hutajwa miongoni mwa visababishi vyake. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilitangaza kwamba kunywa vitu vya moto sana, kupita nyuzi 65, yumkini huleta kansa ya umio. Chai ni njema, lakini iache ipoe kidogo.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usinunue dawa ya asidi, bali nenda ukapimwe, ukiona mojawapo ya haya:

1. Chakula kinakwama, au kumeza kunaleta maumivu.
2. Unakonda bila kutaka.
3. Unatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo chako ni cheusi kama lami.
4. Unatapika mara kwa mara, au umepungukiwa na damu.
5. Kiungulia kimeanza ukiwa na umri mkubwa, au hakikomi ingawa umetumia dawa kwa majuma mawili.

Na hili la sita ni la haraka kuliko yote: kifua kikibana kama kilichokandamizwa na jiwe, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, na mtu akatoka jasho baridi au akapungukiwa na pumzi, huenda huo si kiungulia bali ni moyo. Apelekwe hospitali saa ile ile. Wako waliokufa wakiwa na kidonge cha kiungulia mdomoni.

KIUNGULIA NA VIDONDA VYA TUMBO SI KITU KIMOJA

Watu wengi huita kila maumivu ya tumbo "alsa". Vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, ambacho mwaka 1982 waganga wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walikitambua na kukikuza. Watu walipowacheka, Marshall alikunywa vijidudu hivyo mwenyewe mwaka 1984, akapata ugonjwa wa tumbo, akathibitisha neno lake. Mwaka 2005 wote wawili walipata tuzo ya Nobel. Kwa vidonda vya namna hii dawa ya asidi peke yake haitoshi. Huhitajiwa pamoja nayo dawa za kuua vijidudu, na zimalizwe zote, kwa kawaida siku 14. Anayekwenda kupimwa kijidudu hiki amwambie mpimaji kama anatumia omeprazoli, kwa sababu huweza kukificha. Kwa kawaida huachwa majuma mawili kabla ya kupimwa.

Sababu ya pili ya vidonda ni dawa za maumivu, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mtu asiwe anamwaga maji shambani kwa mkono mmoja na kuyachota kwa mkono mwingine.

DAWA ISIYONUNULIWA

Kabla ya kufungua mfuko wa fedha, jaribu haya. Kula chakula cha jioni saa tatu kabla ya kulala. Anayelala saa nne za usiku ale saa moja. Usijaze tumbo kwa ugali na nyama ya kuchoma kisha ukajinyosha. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali au vipande vya mbao chini ya miguu yake, kiasi cha sentimeta 15 mpaka 20. Mito mingi haifai, maana hukunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza uzito kama una kitambi, legeza mshipi, acha tumbaku, punguza pombe. Na kama ni pilipili, kahawa au chapati ya mafuta mengi inayokuletea moto, wewe mwenyewe utaijua kuliko mtu yeyote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Asidi ya tumbo ina faida gani kwa mwili?
2. Eleza tofauti ya mafungu matatu ya dawa kwa mfano wa shamba na mfereji.
3. Kwa nini omeprazoli humezwa kabla ya chakula?
4. Mtu anayetumia dolutegraviri aangalie nini anapotumia dawa za kuzima asidi?
5. Taja dalili tatu zinazompasa mtu kwenda hospitali badala ya dukani.

Majibu yote yamo katika somo hili. Msomaji ayatafute, kisha amsomee jirani asiyejua kusoma. Na kama kuna karatasi ndani ya paketi ya dawa nyumbani kwake, aikunjue leo, aisome mpaka mstari wa mwisho.